Kipimo cha Kwenda Uskochi

Jumatatu, 14 Julai

Raundi ya asubuhi, wodi ya watoto. Miguu inauma. Yule mtoto wa kitanda cha dirishani, aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, leo kanywa uji. Nilimwangalia akimeza kama watu wanavyoangalia penalti.

Tandika nimefika jioni. Mama yuko barazani na cherehani yake, mapazia ya mteja yamefurika mpaka mlangoni. Da Zuhura kajilaza mkekani, tumbo juu, anajipepea na mfuniko wa ndoo. Mimba ya kwanza. Kaja kujifungulia kwa Mama kama ilivyo desturi yetu. Mumewe, shemeji Idrisa, kabaki kwao Kunduchi, ni fundi umeme wa hoteli za ufukweni. Huja Jumapili na samaki.

Nikiwa nakula, imeili imeingia. Uskochi! Wamenikubali. Elektivu, mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi wa udaktari, wiki sita, upasuaji wa watoto, mwakani. Hospitali tatu zilishanikataa na moja haikujibu kabisa. Nimesoma mara nne. Nimempigia kwa video Furaha, tunayesoma naye darasa moja, asome na yeye, akapiga kelele mpaka mwenzake wa hosteli akaamka. Na yeye kaomba huko huko, anasubiri.

Sharti limebaki moja: vipimo vya afya. Kifua kikuu, UKIMWI, homa ya ini, karatasi za chanjo. Vifike kabla ya katikati ya Agosti.

Naogopa kifua. Nimekaa sana wodi ya wanaokohoa. Chanjo ya ini nilichoma mwaka wa pili, zote tatu. Hiyo sina wasiwasi nayo.

Jumatano, 16 Julai

Picha ya kifua: safi. Nimeshusha pumzi.

Damu nimetoa kwenye maabara moja binafsi Kinondoni. Dada wa maabara kauliza nasafiri lini. Nikamjibu kama mtu aliyeshakata tiketi. Mjinga mie.

Ijumaa, 18 Julai

Walinipigia nirudi. Wakasema wanataka kutoa damu tena, kuhakikisha. Nikajua. Huwa tunawaambia hivyo hivyo wagonjwa.

Homa ya ini B. Chanya. Mara zote mbili.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Mbele yangu kuna mama anambembeleza mwanawe atoe kidole. Nikawaza, huyu dada wa maabara sasa ananionaje. Kumbe alikuwa anafunga dirisha tu, vumbi.

Nilichoma chanjo. Nilichoma tatu. Inawezekanaje.

Jumamosi, 19 Julai

Sijamwambia mtu.

Najua kila kitu kuhusu ugonjwa huu. Nimeufanyia mtihani na nikapata alama nzuri. Najua hauambukizi kwa kikombe, kwa sahani, kwa kukumbatiana. Asubuhi nimeosha kikombe changu kwa maji ya moto nikakificha chini ya kitanda. Nimechukua wembe wangu na mswaki wangu, nikavihamishia kwenye begi la chuo. Da Zuhura kaniomba nimsuke, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Sio uongo. Kinaniuma.

Nimejiangalia macho kwenye kioo mara nyingi. Meupe. Nimejibonyeza chini ya mbavu za kulia. Nilimwonaga Mjomba Shabani, kaka yake Mama, nikiwa mdogo. Tumbo limejaa maji, mikono kama vijiti. Watu wakasema karogwa. Alikufa kabla ya kufika miaka arobaini.

Naogopa. Hakuna namna nyingine ya kuiandika.

Jumatatu, 21 Julai

Raundi. Walihitaji mtu wa kumshika mtoto wakati wa kutafuta mshipa. Siku zote ni mie, wananijua. Leo nilirudi nyuma nikasema nina mafua. Furaha akanitazama.

Kanifuata chooni. Nikamwambia. Hakusema "pole". Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akasema nikatoe damu yake.

Sikumwelewa mwanzoni. Alimaanisha niende maabara nyingine, mbali na Kinondoni, yeye akae kwenye kiti, atoe damu kwa jina langu. Yake ni safi, alipima mwezi uliopita. Uskochi hawatajua. Nikirudi ndo nijitibu.

"Saida, umeteseka miaka minne kwa ajili ya hii kitu," alisema. "Chukua tu."

Ananipenda. Ndo kilichoniogopesha zaidi. Sikusema hapana.

Jumanne, 22 Julai

Usingizi sina. Nawaza ile sindano ya mwaka jana. Zamu ya dharura, mgonjwa alirusha mkono, ikanichoma kidole gumba. Nilimeza dawa za kuzuia UKIMWI mwezi mzima, nikatapika mwezi mzima. Ini hakuna aliyeliuliza, na mie sikuuliza, nilijiona nina chanjo.

Itakuwa ndo ile. Itakuwa kazi imeniua kabla sijaianza.

Nimeweka miadi kwa daktari wa ini. Dk. Mwakisale, alitufundisha mwaka wa tatu. Nitamwangaliaje usoni.

Alhamisi, 24 Julai

Dk. Mwakisale ni mwanamke mfupi, anaongea polepole, hapendi maneno mengi. Kaniangalia vipimo vya ziada. Akasema hii sio ya mwaka jana. Haya ni maambukizi ya zamani, huenda tangu nazaliwa. Chanjo ilinikuta tayari ninayo, na chanjo haimfukuzi aliyeshaingia. Ini langu kwa sasa linafanya kazi. Damu nyingine itapimwa wingi wa virusi.

Nilitaka kulia kwa nafuu. Sindano haikuwa na kosa.

Halafu akauliza, "Mama yako ameshapima?"

Nikasema hapana.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

Nikasema ninaye dada. Nikaanza kusema ana miaka ishirini na nane. Nikakatiza. Nikasema, "Ni mjamzito. Mimba ya miezi minane."

Akaweka kalamu mezani.

Nimetoka pale sijiogopei tena. Siku ya kwanza tangu Ijumaa. Lakini hofu ya sasa ni mbaya zaidi.

Kliniki ya wajawazito walimpima Zuhura UKIMWI, kaswende, damu, mkojo. Nimepekua kadi yake akiwa anaoga. Ini halimo. Na mtoto wa mama mwenye virusi hivi huupata ugonjwa pale pale anapozaliwa. Akiupata akiwa mchanga, unabaki naye. Kama mie.

Ijumaa, 25 Julai

Nimewaambia baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa ameshaswali, karudi kwenye cherehani. Nilianza na mie mwenyewe. Nikaeleza taratibu, kama tunavyofundishwa, maneno mepesi, bila kukimbia.

Da Zuhura alishika tumbo kwa mikono miwili. Akauliza kama mtoto wake atakufa. Nikasema hapana. Sijui kama nina haki ya kusema hapana.

Mama akauliza kama ndo ugonjwa wa kaka Shabani. Nikasema inawezekana sana.

"Kwa hiyo hakurogwa."

"Hapana, Mama."

"Na miaka yote hii mke wake hatusalimiani naye, tulisema mchawi ni yeye."

Halafu, baadaye kidogo, bila kuniangalia: "Kwa hiyo mie ndo nimewapa wanangu."

Nikamwambia na yeye alipewa, na aliyempa hakujua. Nikamwambia si kosa la mtu. Alitikisa kichwa akarudi kushona. Alishona pindo lote la pazia mpaka mwisho. Sindano haikuwa na uzi.

Jumatatu, 28 Julai

Majibu ya Mama: chanya.

Majibu ya Da Zuhura: chanya. Na virusi vyake ni vingi. Vyangu ni vichache, vyake ni vingi mno. Dk. Mwakisale kampa vidonge leo hii hii, kimoja kila siku, kuvipunguza kabla ya uchungu. Kasema tumechelewa kidogo lakini si bure. La muhimu ni chanjo ya mtoto, ile ya kwanza, ndani ya saa ishirini na nne tangu azaliwe, mapema iwezekanavyo. Kuna sindano nyingine ya kinga ya moja kwa moja, kaitafuta kwa simu mbele yetu, haipo. Tutegemee chanjo.

Chanjo hiyo kwa kawaida watoto wanaanza nayo wiki ya sita. Kwa mtoto wetu wiki ya sita ni kuchelewa. Nimepata zahanati moja Kinondoni wanayo. Wameniahidi wataniwekea mpaka mwisho wa Agosti, ndo tarehe za Zuhura kujifungua.

Nikamwambia Zuhura lazima Idrisa ajue. Na yeye apime. Kagoma. Kasema Idrisa ataona katoka na wanaume. Kasema mama mkwe wake Kunduchi atatangaza mtaa mzima. Kanishika mkono kwa nguvu: "Saida, usithubutu."

Alhamisi, 31 Julai

Tumegombana. Nimemwambia hawezi kumficha mume jambo la damu yake na ya mtoto wake. Nilisema kwa sauti ya juu, sauti ya hospitali. Akaniuliza, "Na wewe Uskochi umewaambia?"

Hajui habari za Furaha. Ameuliza tu.

Nilienda uani nikasimama karibu na tangi la maji. Furaha kashatafuta maabara Mbagala. Anasema Jumamosi yuko huru. Wiki nzima nimekuwa nikijiambia bado sijaamua, na wakati huo huo nimeshapanga nguo ya kuvaa kwenye ndege.

Ninachokitaka ni kisu. Nataka kufungua tumbo la mtoto, kurekebisha kilichoharibika, kulifunga. Nikiwaambia ukweli wataninyima kisu. Nikiwadanganya, nitasimama juu ya mtoto wa mtu nikiwa najua, na yeye mama yake hajui. Ndo hilo hilo ninalomkataza Zuhura.

Nimemwandikia Furaha: hapana. Asante. Hapana.

Halafu nimewaandikia Uskochi. Mistari sita. Nimeambatanisha majibu yote. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma mpaka skrini ikazima. Nikaiwasha, nikatuma.

Jumamosi, 2 Agosti

Kimya kutoka kwao. Wikiendi.

Zuhura kasema atamwambia Idrisa. Kesho. Kasema kwa sababu mie nimeshatuma yangu.

Jumapili, 3 Agosti

Idrisa kafika na changu wawili wakubwa na embe mbichi za mkewe. Kamwamkia Mama. Kanitania, "Shem, daktari wetu, mbona umekonda?" Walipoingia chumbani mie na Mama tulibaki barazani. Mama alishika kitambaa bila kukishona. Hatukusikia kelele. Hatukusikia chochote. Ningependa tungesikia kelele.

Alipotoka alivaa viatu bila kuketi. "Mama, nakwenda." Basi. Pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Zuhura anasema aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, tangu lini mnajua. Alipojibiwa, akauliza, "Mnajua nyote?" Kisha akanyanyuka.

Samaki hakuna aliyewagusa. Mama kampa jirani.

Jumanne, 5 Agosti

Idrisa hapokei simu. Ujumbe anausoma, hajibu. Zuhura hali. Nimemlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Nimemlazimisha anywe kidonge.

Nikitoka wodini naangalia simu. Zuhura, hakuna. Uskochi, hakuna. Naikimbilia kila inapolia, na inayolia ni kampuni ya simu inaniuzia miito.

Naogopa nimevunja nyumba ya dada yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwenye benchi, nje ya leba.

Chupa ya uzazi imepasuka alfajiri. Mapema, hata wiki ya mwisho hatujafika. Tukachukua bajaji, mie, Mama, Zuhura katikati. Katikati ya njia ndo nimekumbuka leo Nanenane. Sikukuu.

Zahanati ya Kinondoni imefungwa. Nimepiga namba zote. Mlinzi kapokea, kasema mpaka Jumatatu, mwenye ufunguo wa friji kasafiri. Nesi hapa kaniambia kwa upole kabisa kwamba chanjo yao inaanza wiki ya sita na akiba ya kutoa leo hana.

Dk. Mwakisale, niliyempigia asubuhi, kanipigia sasa hivi. Kapata hospitali binafsi ipo wazi, wanayo, wameitenga. Iko Mbezi, njia ya Kunduchi. Sie tuko Temeke. Siwezi kumwacha Zuhura, Mama peke yake hawezi.

Mtu wa karibu na Mbezi ni mmoja tu.

Nimempigia Idrisa. Haijapokelewa. Tena. Tena. Nimemtumia ujumbe wa sauti. Sikumbuki nimesema nini. Nimesema mtoto wako anazaliwa. Nimetaja jina la hospitali. Nimesema isigande na isipate joto. Nimesema tafadhali shemeji.

Kasikiliza. Alama imebadilika rangi. Hajajibu.

Sauti ya Zuhura hiyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelala, nimeamka, nataka niiandike kabla haijachanganyika.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, adhana ya Ijumaa inasikika kwa mbali. Wa kike. Mdogo, lakini alilia vizuri, kilio cha hasira. Mkunga alimfuta damu yote haraka kama nilivyomwomba, akamweka kifuani kwa mama yake. Nilisimama mlangoni. Nilipaswa kufurahi. Nilichokiona ni damu. Nilihesabu kila alama kwenye ngozi yake, kila mkwaruzo.

Zuhura alinitazama mie, sio mtoto. Aliuliza kwa macho. Nikasema inakuja. Mara ya pili nasema kitu nisichokijua.

Saa zikaenda. Alasiri. Nikatoka getini, nikarudi. Nikaanza kufikiria bodaboda wa kumtuma, nani atamwamini, nani ataielewa barafu. Nikampigia Furaha, akasema anatoka hosteli sasa hivi, ataenda mwenyewe. Foleni ya sikukuu mpaka Buguruni imesimama, alisema. Angefika usiku.

Jua limeshaanza kushuka nikaona mtu anakuja anakimbia kutoka maegesho ya pikipiki. Kofia ya pikipiki bado kichwani. Kifuani kajifunga kibebeo cha chanjo, kile cha bluu cha mkanda, kwa khanga. Khanga ya mama yake, nadhani. Kakibeba mbele kama watu wanavyobeba mtoto.

"Nimechelewa?" Idrisa akauliza.

Nikasema hujachelewa. Nikakifungua pale pale. Barafu ipo, kipima joto kiko sawa. Hospitali walimwazima kibebeo, kaacha kitambulisho chake.

Nesi yule yule wa asubuhi ndo aliyechoma. Paja dogo kama kidole changu gumba. Mtoto akapiga kelele, Idrisa akageukia ukuta.

Baadaye tulikaa naye benchini. Nikamwomba radhi kwamba alijua wa mwisho. Akasema ni kweli, ilimuuma. Lakini hakuondoka kwa ajili hiyo.

"Shem, mie niliogopa," alisema. "Nilienda kupima Jumatatu. Wakaniambia nisubiri majibu. Nikawaza nikipokea simu yake nitamwambia nini? Kama ninao, nimwambie? Kama sina, nimwambie? Nikakaa kimya."

Majibu yake yalitoka Alhamisi. Hana. Anasubiri aanze chanjo yake. Alikuwa amepanga kuja Jumapili kama kawaida, na samaki.

Siku zote hizo nilimwandikia hukumu. Kumbe alikuwa amekaa Kunduchi anaogopa, kama mie nilivyokuwa Tandika na kikombe chini ya kitanda.

Jumatano, 13 Agosti

Mama kapigwa picha ya ini. Nilisimama nyuma ya mpigaji nikiangalia skrini, najua kiasi cha kuogopa na sijui kiasi cha kutulia. Limeanza kuwa gumu. Uvimbe hakuna. Dk. Mwakisale kasema hiyo ndo habari yenyewe: uvimbe hakuna. Vidonge kila siku, picha kila miezi sita, maisha yote.

Mama kauliza kama ataweza kuendelea kushona. Daktari akacheka kidogo. Akasema ashone mpaka achoke.

Tukiwa njiani Mama kasema anataka kwenda kwa mjane wa Mjomba Shabani. Kumwomba msamaha, na kumwambia apime, yeye na wanawe. Nimsindikize, kwa sababu mie ndo najua maneno. Nikakubali. Naogopa hata hilo.

Alhamisi, 14 Agosti

Uskochi wamejibu.

Hawakunifokea. Wananishukuru kwa kuwaambia. Kisha wanasema: thieta, yaani chumba cha upasuaji, kwa kushika kisu au kushika jeraha, haiwezekani kwa sasa. Wanahitaji vipimo viwili vya wingi wa virusi, miezi kadhaa kati yake, vyote chini ya kiwango chao. Wakati huo huo nafasi yangu ipo. Wodi ya watoto, kliniki, na kwenye upasuaji nisimame nyuma ya mstari, niangalie.

Niangalie. Wiki sita za kuangalia.

Nimelia. Nimekasirika sana, sijui nimkasirikie nani. Nilitaka wakatae kabisa ili niwachukie, au wakubali kabisa ili nisahau. Wamenipa cha katikati.

Nimempelekea Dk. Mwakisale. Kajibu kwa ujumbe wa sauti, na kelele za wodi nyuma yake. Anasema virusi vyangu tayari ni vichache. Anasema wapo madaktari wa upasuaji wenye hali kama yangu, wanapima, wanafuatiliwa, wanafanya kazi. Hakuniahidi. Alisema tu wapo. Hilo neno nimelisikiliza mara tatu.

Ijumaa, 22 Agosti

Tulienda kwa mjane wa Mjomba. Alitufungulia mlango. Mama alisema yote akiwa bado amesimama. Alitumia maneno yake, yangu hakuyahitaji. Yule mama hakulia. Alituletea maji, akasema atafikiri. Tulipofika kituoni kijana wake mkubwa akatukimbilia, akaniuliza wanapimia wapi.

Uskochi nimewajibu ndiyo. Nitaangalia.

Jumatano, 17 Septemba

Arobaini ya mtoto. Anaitwa Nasra.

Idrisa na mama yake wamekuja tangu asubuhi. Kunduchi wanajua, mama mkwe anajua, alipima, hana. Hakutangaza mtaani. Alichosema ni kwamba mjukuu kachukua masikio ya babu yake.

Watu wachache tu, maulidi fupi, pilau. Juzi, akiwa ndani ya wiki ya sita, amechomwa na zile nyingine, alipata homa kidogo. Kipimo chake cha kweli mpaka apitishe miezi tisa. Kabla ya hapo damu inaweza kutudanganya. Kwa hiyo hatujui. Nimelizoea neno hilo kidogo, sio sana. Usiku mwingine bado naamka na kumwangalia macho.

Ilipofika kunyoa nywele, Mama alitoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Nilidhani atanyoa yeye. Au bibi wa Kunduchi. Da Zuhura akasema, "Apewe Saida."

Nikasema hapana. Nikasema mikono yangu. Watu walikuwepo, sikuweza kumaliza.

Zuhura hakubishana. Alinyoosha mkeka, akakaa, akamlaza Nasra mapajani, akamlowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu. Akanisubiri. Idrisa akaniletea glovu mbili, sijui alizitoa wapi.

Nikavaa. Nikapiga magoti. Utosi wake ulikuwa unapigapiga chini ya ngozi, taratibu. Nilianzia juu ya sikio, nikavuta ngozi kwa kidole, nikapitisha wembe, nikafuta. Tena. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanasoma kwa sauti ya chini. Nywele zilikuwa laini, zikabaki kwenye kitambaa.

Hakuna tone la damu lililotoka. Alilala mpaka mwisho.